Marehemu wa Benchi la Tatu

Mimi ndiye niliyeandika. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nataka kumsukumia mwenzangu lawama. Naitwa Winifrida, na huu ni mwaka wa kumi na sita nikiwa katibu wa kigango chetu. Tuko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Mwazye, iliko parokia. Padri huja mara moja kwa mwezi; Jumapili nyingine tunaongozwa na katekista Nestory. Padri anapokuja, watu huniletea nia zao za misa. Huyu anaomba mvua, yule anamwombea mtoto wake mtihani, wengi wanawaombea marehemu wao. Naandika kwenye karatasi, padri anasoma kabla ya misa, na kanisa zima linasikia nani anamkumbuka nani.

Habari yenyewe ni ya Bertilla, mwanamke anayeishi kwenye chumba cha uani kwangu. Simsifu kwa upole, kwa sababu hana. Alizaliwa Kaoze, kule bondeni, akapanda Sumbawanga akiwa msichana, akaanza kuuza dagaa wa Kasanga sokoni. Ni mrefu, mkavu, na ana sauti ya kumrudisha mnunuzi aliyekwisha kuvuka barabara. Ukimkosea leo, atakusalimu vizuri kesho na keshokutwa. Siku ukisahau ndipo atakapokukumbusha, tena mbele za watu.

Mume wake alikuwa Meshack Simukonda, Mmambwe wa ng'ambo, upande wa Zambia. Alikuwa akija na baiskeli, amebeba sukari kutoka Mbala, akirudi na dagaa. Alinunua dagaa wa Bertilla safari tatu. Safari ya nne hakurudi kwao. Walikwenda parokiani pale mjini kuomba ndoa, wakaambiwa Meshack alete cheti cha ubatizo. Basi akachana ukurasa wa daftari, akaandika jina la parokia yake, kijiji chao na jina la mama yake, Mary, ili mtu yeyote atakayevuka mpaka amletee. Kila aliyevuka alisahau. Ukurasa ule Bertilla akautia kwenye kopo la vifungo, wakaendelea kuishi hivyohivyo, na wanajumuiya hawakuchoka kumkumbusha kwamba haruhusiwi kukomunika.

Mwaka 2016 Meshack alimuaga, anakwenda kutafuta kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe, safari ya kutwa nzima kwa basi. Aliyempa habari za kazi hiyo ni rafiki yake, Modesti Kasanda, mtu wa kijiji chetu hapa, ambaye alikuwa akienda mjini kuuza maharage. Wiki za mwanzo Meshack alipiga simu. Alisema kule chini kuna joto na wakitema mate yanatoka meusi. Kisha simu zikakatika, mwezi mmoja, miwili. Bertilla akampigia Modesti.

"Shemeji," Modesti akamwambia, "nikufiche nini? Mwenzako amerudi kwao. Ana mke kule, alikuwa naye siku zote."

Maneno hayo Modesti aliyatamka huku ameketi, ameshiba, akijua ukweli wote. Naomba msomaji ayashike, maana mimi mpaka leo nikiyakumbuka meno yanauma.

Bertilla aliishi na maneno hayo miaka mitatu. Wenzake wa sokoni walimcheka kwamba Mzambia amekula dagaa, kapangusa mdomo, kaondoka. Alichoma mashati ya mumewe yote mawili. Alipochoka kuchekwa aliufungua ule ukurasa wa kopo la vifungo, akapanda gari mpaka Kasesya, mpakani, akavuka. Asifikiri mtu kwamba alikwenda kumbembeleza. Alikwenda kumtukana. Aliniambia mwenyewe kwamba njia nzima alikuwa akiyapanga matusi: haya ya mbele ya mama mtu, haya ya mke mwenzangu, haya ya Meshack peke yake.

Alifika kwenye kijiji kile mchana, juu ya baiskeli ya kukodi. Akamkuta bibi mmoja ameketi kwenye mkeka anachagua maharage, kajifunga kitambaa cheusi kichwani. Bertilla akapiga magoti, akapiga makofi ya salamu, maana hata mwenye hasira hawezi kumwendea mtu mzima akiwa wima. Alisalimu kwa Kifipa, bibi akaitikia kwa Kimambwe, wakaelewana vizuri.

"Namtafuta Meshack," Bertilla akasema. "Mimi ni mke wake wa Sumbawanga."

Bibi akaacha maharage. "Nimekungoja miaka mitatu," akasema. "Nilijua hawezi kukosa mtu kule. Nilisema, ipo siku atakuja mtu aniambie mwanangu amelala wapi."

Matusi yote yakamkauka Bertilla mdomoni.

Bibi Mary alimweleza kila kitu. Ukoo ule migodi imeumaliza. Babu yake Meshack alikwenda kwa miguu mpaka migodi ya kusini, hakurudi, wala hakuna anayejua alikozikwa. Baba yake, Zephania, alichimba shaba, akarudishwa nyumbani na kifua kibovu, akafa akiwa anahema kwa kukaa, hawezi kulala. Siku walipomzika Zephania, Bibi Mary alimshika Meshack mkono, akamwapisha kwa jina lake kwamba hatashuka chini ya ardhi maisha yake yote. Meshack akaapa.

"Kisha siku moja akanipigia kwa simu ya jirani," bibi akasema. "Akasema, 'Mama, nimepata kazi ya makaa. Ukipiga kambini usimtaje Meshack, hawamjui. Uliza Modesti Kasanda.' Nikamwambia, wewe si uliapa? Akacheka. Akasema, 'Meshack hajashuka, Mama. Anayeshuka ni Modesti.'"

Mambo yalikuwa hivi. Mgodi ulitaka kadi ya mpiga kura, na Meshack, mtu wa ng'ambo, angeipata wapi? Modesti ndiye aliyeandikishwa kazi kwa kadi yake. Alishuka wiki mbili, woga ukamshika. Badala ya kuacha kazi kama mwanamume, akampa Meshack kadi na jina, akarudi nyumbani kulima, na nusu ya mshahara ikawa inamfuata huku. Picha za kadi zile hazifanani hata na wenyewe, na mtu akishapakwa vumbi la makaa, nani atamkagua sura?

Siku ya Pasaka Bibi Mary alipiga simu kambini, akauliza Modesti Kasanda. Akajibiwa na mwanamume mwenye haraka kwamba Modesti Kasanda alifukiwa na mwamba mwezi wa pili, kampuni imekwisha kumpeleka kwao Mwazye. Simu ikakatwa. Akakaa matanga bila maiti wala kaburi.

Bertilla hakulia pale. Alikaa kwenye mkeka akamsaidia bibi kuchagua maharage mpaka yakaisha, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Alipoaga, Bibi Mary alimwambia, "Mwili mmekwisha kuzika, uacheni. Mimi nataka jina. Mwanangu amelala na jina la mtu mwingine, hata nikimwombea sijui kama maombi yanamfikia. Kaniletee jina lake."

Sasa nije kwetu, maana sisi si watakatifu. Lori la kampuni lilikuja Februari ile na jeneza lililopigiliwa misumari, tena limebeba mabati na mifuko ya saruji, rambirambi kwa familia ya Kasanda. Ndugu yake Modesti, Isdori, alikuwa amepigiwa simu siku moja kabla. Modesti mwenyewe tulimwona asubuhi ile akiondoka na begi. Baadaye tukajua kwamba alikuwa amekwenda Muze, kule bondeni, kujificha. Isdori akazunguka nyumba hadi nyumba. Akasema, "Jamani, ni kosa la kampuni. Huyu marehemu hana kwao. Tukimkataa watamtupa porini. Tumzike kwa heshima kama ndugu yetu, na haya mabati mengine tutaezeka kanisa."

Tukakubali. Tukajiona watu wema kabisa. Wanakwaya waliimba, na mimi sauti ya kwanza niliiongoza, nikamlilia Modesti ambaye nilikuwa nimemwona jana yake akinunua sigara. Watu wa kampuni walipiga picha, wakaondoka. Isdori akajenga msalaba wa saruji, akauandika kwa msumari saruji ikiwa mbichi: MODESTI KASANDA, na mwaka. Mvua za mwisho zilipokwisha Modesti akarudi kutoka Muze. Vijana wakamwita Lazaro, akacheka nao. Na kanisa letu likapata mabati. Miaka mitatu nimesali chini yake, mvua ikinyesha siwezi hata kusikia mahubiri, wala sikujiuliza kelele ile imetoka kwa nani.

Bertilla alitukuta hivyo. Alikuja na ukurasa wake, akaenda moja kwa moja kwa Modesti, akamkuta uani anapukuchua mahindi.

"Shemeji," akamwambia, "nimetoka kwao Meshack. Huyo mke mwingine sikumkuta. Nionyeshe kaburi."

Modesti akasema hamjui Meshack. Akasema kaburi lile ni la ndugu yao wa mbali, aliyeitwa jina moja na yeye. Mwenyekiti wa kijiji, Calvin, alipoulizwa akasema kampuni imefunga mgodi na kuondoka, mhusika hakuna, na kufukua kaburi ni mambo ya mahakama, basi mama arudi nyumbani atulie. Wakati anasema hivyo alikuwa haangalii upande wa Bertilla. Jiko lake limeezekwa kwa mabati yaleyale.

Bertilla hakurudi mjini. Aliniomba chumba. Nilipomuuliza atafanya nini huku, akasema, "Kulima." Na kweli analima. Anafukia majani ndani ya matuta, yawe mbolea, mapema kuliko sisi wenyeji, ulezi wake hauna magugu, na anafanya yote akiwa amenuna. Wiki ya pili alikuja mezani kwangu nikiwa naandaa karatasi ya nia.

"Niandikie ya marehemu," akasema.

"Meshack Simukonda," nikasema, nikaanza kuandika.

"Hapana. Huyo hajafa, hakuna kaburi lake hapa. Andika: kumwombea marehemu Modesti Kasanda, aliyefukiwa na makaa ya mawe. Anayeomba ni Bertilla."

Nilikumbuka jinsi nilivyoimba siku ile ya jeneza, aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikaandika kwa herufi kubwa ili padri asikosee.

Jumapili ile Modesti alikuwa benchi la tatu upande wa wanaume, mahali pake pa siku zote, kavaa shati jeupe. Padri, kijana aliyehamia Mwazye mwaka huo, akasoma nia moja moja. Alipofika kwa marehemu Modesti Kasanda, kanisa zima likageuka kama tumevutwa na kamba. Modesti akabaki anaangalia mbele. Mtu mmoja nyuma akaanza kikohozi cha kuficha kicheko. Na padri wa watu, asiyejua lolote, akasema, "Raha ya milele umpe, ee Bwana," nasi tukaitikia wote, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia pale, "Na mwanga wa milele umwangazie."

Mwezi uliofuata Bertilla akaleta nia ileile. Na mwezi mwingine. Padri aliponiuliza huyu Modesti ni nani, nilimpeleka kaburini, akausoma msalaba mwenyewe, akaridhika. Sikudanganya hata neno moja. Watoto walianza kuruka pembeni Modesti akipita. Kilabuni hakuna aliyetaka kushika kata aliyonywea. Mzee mmoja alimkatalia mkono wa amani kanisani, akasema mikono ya marehemu ni baridi. Nilifurahi. Naandika bila kuona haya kwamba nilifurahi sana.

Modesti akanijia nyumbani. "Dada Winifrida, futa hilo jambo. Unanizika nikiwa hai."

"Sikukuzika mimi. Msalaba wako unasema umekufa. Nenda kaung'oe, nami nitafuta."

"Nikiung'oa si nitafungwa? Rambirambi tulikula."

"Basi endelea kufa."

Bertilla alikuwa kizingitini anatwanga, hakuinua hata uso. Modesti aliondoka, na mwaka ukaisha hivyo, na wa pili.

Kisha binti yake, Rozina, akachumbiwa na kijana wa Mwazye. Fomu ya ndoa ikaja kwangu niijaze kabla ya matangazo. Pale kuna mahali pa kuandika jina la baba, na kama yuko hai au ni marehemu. Hili Bertilla hakuniambia nilifanye, wala hakulijua. Nilifanya mimi. Niliandika *marehemu*, nikapiga muhuri wa kigango.

Katekista Nestory alisoma tangazo la kwanza kama lilivyo: Rozina, binti wa marehemu Modesti Kasanda. Binti akalia palepale benchini, na yeye peke yake ndiye ninayemwonea huruma katika habari hii. Kufika Jumatatu mshenga wa upande wa kijana alikuwa amekwisha kuja. Alikataa hata kukaa kwenye kiti. Alisema wazee wamemtuma neno moja: mkwe wanamtaka ama hai ama marehemu, lakini si vyote viwili; aamue mwenyewe, akishaamua hadharani ndipo wataleta mahari, na kama hawezi, binti atafute kwingine.

Modesti hakuja kwangu safari hii. Alikwenda shambani kwa Bertilla. Mimi nilikuwa napalilia mstari wa pili, nikasikia yote. Alivua kofia.

"Shemeji, unataka nini?"

"Usiniite shemeji. Nataka uuvunje msalaba wako kwa mikono yako, mbele ya watu, mama yake akiwepo. Useme uliyemtuma chini ni nani. Useme uliniambia nini kwenye simu. Kisha uandike jina lake wewe mwenyewe."

"Nitafungwa."

"Utatoka. Meshack hatatoka."

Bibi Mary aliletwa siku ya Marehemu Wote, tarehe mbili Novemba, asubuhi, watu wakiwa makaburini wanafyeka nyasi na kusubiri padri aje kubariki. Alishushwa kwenye pikipiki na kitambaa kilekile cheusi. Modesti alikuja na nyundo. Alipiga msalaba mara ya kwanza haukuvunjika, Isdori alikuwa ameujenga vizuri, saruji ilikuwa nyingi. Alipiga mpaka jasho likamtoka. Kisha akasema. Sauti ilikuwa ndogo, Bertilla akamwambia, "Paza." Akasema kwamba alimwogopa Mungu kidogo na giza sana, kwamba Meshack alishuka badala yake, kwamba alijua siku ileile amekufa, kwamba alimwambia mjane wake amekimbilia kwa mke mwingine ili asije akamtafuta. Kila mmoja wetu alikuwa na bati lake katika maneno yale.

Saruji mpya ilikuwa kwenye karai. Modesti alipiga magoti na msumari. Bibi Mary akamtajia jina herufi kwa herufi, ingawa yeye mwenyewe hajui kusoma. Alikuwa amejifunza kwa jirani kwa ajili ya siku hiyo. Modesti alipokosea herufi moja alimfutisha, akamwandikisha tena. Ilipokamilika MESHACK SIMUKONDA, MWANA WA ZEPHANIA NA MARY, bibi aliweka kiganja juu ya saruji mbichi, akaanza kumwita mwanawe kwa Kimambwe, kwa sauti ya kawaida tu ya kumwita mtu aliyeko shambani aje kula. Hapo ndipo Bertilla alipolia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na alilia vibaya.

Modesti aliitwa polisi, akakaa huko siku kadhaa, akarudi. Wanasema kesi bado ipo. Rozina ameolewa. Katika fomu nilikata *marehemu*, nikaandika *hai*, nikatia sahihi pembeni. Kanisani Modesti anakaa benchi la mwisho sasa, karibu na mlango.

Juzi, padri akiwa anatarajiwa Jumapili, Bertilla alikuja mezani kwangu mikono ina udongo. Nilikuwa nimekwisha kuliandika jina la Meshack, tayari.

"Hilo zuri," akasema. "Ongeza na la pili chini yake."

"Lipi?"

"Lilelile la siku zote."

Nikamwambia, "Bertilla, jina umelipata. Amevunja, amesema, ameandika. Padri naye anajua sasa."

"Mama yake alitaka jina, kapata," akasema. "Mimi nilimtaka mume. Nilichoma mashati yake, Winifrida. Yote mawili. Sina hata la kunusa."

Mvua ilikuwa imeanza, na kutoka pale mezani nilisikia mabati ya kanisa. Padri atasoma au hatasoma, hilo ni lake. Nilichukua kalamu, nikaandika: kumwombea marehemu Modesti Kasanda.